Nilimpongeza mtoto wa wifi kwa pointi 31, sasa hatusemezani

Mwalimu, shikamoo.

Naandika kwa aibu kidogo, na nakuomba usicheke kabla sijamaliza. Binti yangu alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka jana. Siku matokeo yanatoka alikuwa kwa bibi yake kijijini, simu imezimika chaji, na mimi uvumilivu ukanishinda. Nikaenda steshenari, nikampa kijana namba ya mtihani. Akafungua, akashuka na ile orodha ndefu, akasimama, akanichapia ukurasa.

Kitu cha kwanza nilichokiona baada ya namba ni herufi F. Iko peke yake. Mwalimu, nilikaa kwenye benchi la watu wanaosubiri fotokopi nikalia. Kijana ananiambia, "Mama, hiyo ni jinsia," mimi nasikia anasema ndivyo jinsi ilivyo. Nikalia zaidi. Ikabidi dada mmoja aliyekuja kupiga picha za paspoti anieleze taratibu kwamba hapo wameandika tu kuwa mtoto ni wa kike.

Nikafuta machozi, nikaendelea kusoma. Baada ya F inafuata 21. Ishirini na moja! Nikajua ndiyo alama zake. Hapo kosa si langu peke yangu. Mdogo wangu wa kiume alimaliza kidato cha nne 2014, cheti chake kina neno Merit, na kila akikaa na watoto hurudia kuwa pointi zikiwa kubwa ndiyo mambo safi. Kwa hiyo 21 nikaiona ni aibu. Nikampigia bibi yake, nikaomba kuongea na mtoto, nikamwambia, "Usijali mwanangu, hata kushona ni kazi."

Jioni shemeji akaandika kwenye grupu la familia: watoto wetu wawili matokeo yametoka, wa huku 21, wa kule 31, tumshukuru Mungu. Wa kule ni mtoto wa wifi yangu, dada wa mume wangu. Mimi nikawahi, tena kwa moyo mweupe kabisa: "Hongera sana baba kwa pointi 31, umetutoa kimasomaso! Dada yako ajifunze kwako." Nikaweka na makofi matano.

Grupu likanyamaza. Nikaona watu wanasoma, mmoja mmoja, hakuna anayejibu. Baada ya nusu saa wifi akatoka kwenye grupu. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha dada yake akampigia na kicheko kikaisha. Anasema nimemsimanga mtoto wake mbele ya ukoo mzima. Mpaka leo simu zangu hapokei.

Sasa kila mtu ananieleza lake. Mwalimu wa darasa anasema binti amefaulu vizuri. Jirani anasema mwenye F ya hesabu amefeli, hakuna cha vizuri hapo. Shule ya mtoto wa wifi imebandika bango kwamba wanafunzi wao wote wamefaulu, na huku mama yake amevimba macho. Na hiyo D ya fizikia, nimeambiwa maana yake ni "inaridhisha". Inamridhisha nani?

Nakuandikia mstari wake kama ulivyo: CIV C, HIST C, GEO B, KISW C, ENGL C, PHY D, CHEM D, BIO C, B/MATH F. Pointi 21, divisheni II. Yeye anataka kwenda kidato cha tano na kombi ya CBG, yaani kemia, baiolojia na jografia. Je, amefaulu au hajafaulu? CBG itawezekana? Na wifi yangu nimwendeeje?

Mama wa Ishirini na Moja, Morogoro

* * *

Marahaba, mama. Uliomba nisicheke kabla hujamaliza, nikatii, nikasubiri hadi sahihi yako.

Tuanze na 21, maana ndiyo iliyoleta yote. Chukua kalamu na huo ukurasa wa steshenari. Kidato cha nne kila herufi ina pointi zake: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Baraza la Mitihani, yaani NECTA, linachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, linajumlisha, mengine linayaacha. Binti yako alifanya tisa. Weka kando F ya hesabu na D moja, tuseme ya fizikia. Jografia B, hiyo 2. C anazo tano: uraia, historia, Kiswahili, Kiingereza na baiolojia, hiyo 15, jumla 17. Ongeza D ya kemia, 4. Ishirini na moja. Hesabu yako na ya Baraza sasa ni moja.

Kwa hiyo mwenye A saba anakuwa na pointi 7, na mwenye F kila mahali anakuwa na 35. Ni kama nafasi ya darasani: hujawahi kuona mzazi akichinja kuku kwa sababu mtoto ametoka kwenye nafasi ya 1 akawa wa 31. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33. Anayebaki na 34 au 35 ndiye tunayesema amepata ziro. Binti yako ameingia divisheni ya pili akiwa wa mwisho mlangoni. Kama jografia ingekuwa C badala ya B, tungekuwa tunazungumzia divisheni ya tatu. Mtoto uliyemwambia kushona nako ni kazi ana divisheni ya pili, mama. Kabla ya wifi, anza kuomba radhi nyumbani.

Hata hivyo sikulaumu, na mdogo wako simlaumu kabisa. Alichowafundisha kilikuwa kweli kwa mwaka wake. Mtihani wa 2012 ulikuwa na matokeo mabaya ambayo wengi wetu hatujayasahau. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro, serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Baada ya hapo madaraja yakaanza kubadilishwa. Ikazaliwa B+, ikaingizwa E, na watahiniwa wa 2014 hawakupewa divisheni kabisa. Walipewa GPA, yaani wastani wa pointi, na juu yake maneno Distinction, Merit, Credit na Pass. Kwenye GPA hiyo A ilikuwa na pointi nyingi kuliko zote, kwa hiyo kubwa ndiyo nzuri. Mwanzoni mwa 2016, wizara ikiwa mikononi mwa Profesa Joyce Ndalichako, ambaye kabla ya hapo alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza hilohilo, divisheni zikarudishwa. Mjomba mtu anabaki na Merit yake kabatini, mpwa anarudi na pointi zinazohesabiwa kinyumenyume, wote wawili wamemaliza kidato cha nne, na meza ya chakula ni moja.

Tena haiishii hapo. Darasa la saba, Baraza ni hilohilo lakini wanajumlisha alama zenyewe: masomo sita, kila moja 50, jumla 300, na huko mwenye nyingi ndiye bingwa. Kwa hiyo mtoto anafundishwa miaka saba kwamba kubwa ni nzuri, anavuka barabara kwenda sekondari, anaambiwa ndogo ndiyo nzuri. Na herufi nazo zinahama. E ya darasa la saba ndiyo ya chini kabisa, hakuna nyingine chini yake. Kidato cha nne E haipo. Kidato cha sita inarudi, na safari hii inahesabiwa kuwa ni ufaulu kamili wa somo, na chini yake kuna S na F. Mimi nimeshika chaki miaka mingi, na bado nikiulizwa ghafla "mtoto kapata E" huwa nauliza kwanza, wa darasa gani?

Sasa swali lako la pili, amefaulu au hajafaulu. Jirani, mwalimu wa darasa na lile bango la shule wote wanasema kweli, ila kila mmoja ana kufaulu kwake.

Kufaulu kwa Baraza ni divisheni ya kwanza hadi ya nne. Likitangaza asilimia ya waliofaulu, linamhesabu aliyepata pointi 7 na aliyepata 33 katika kapu moja. Ndiyo maana shule ya mtoto wa wifi imebandika bango, na haijadanganya: mwenye 31 amo humo. Kufaulu kwa kidato cha tano ni kitu kingine. Hapo mtoto anatakiwa awe na angalau masomo matatu yasiyo ya dini yenye C kwenda juu, na pointi zisizozidi 25. Halafu kuna kufaulu kwa mtaani, ambako kunategemea nani anauliza na mtoto wake alipata ngapi. F ya hesabu aliyoitaja jirani yako ni ya kundi hilo. Inauma, ndiyo, na itamfungia binti kombi zote zenye hesabu ndani yake, lakini haiondoi divisheni yake hata nukta moja, kwa sababu haimo kwenye yale saba.

Hiyo "inaridhisha" yako imenifurahisha kuliko yote. D inaanzia alama 30 inaishia 44. Neno hilo limetafsiriwa kutoka lugha ya ofisini, na huko ofisini maana yake ni kwamba mtoto hajafeli. Lisomwe hivyo tu. Ingekuwa mimi ndiye ninayeandika, ningeandika "amevuka akiwa amelowa".

Lakini nataka ukae zaidi kwenye C, maana ndiyo inayowapotosha wazazi kuliko F. F kila mtu anaiogopa. C ya kidato cha nne inaanza 45 inaishia 64. Upana wa alama 20! B ina alama kumi tu, 65 hadi 74. Mtoto aliyepata 45 kwa jasho na aliyekosa B kwa alama moja wote wanakuja nyumbani na C, wote wanaandikiwa "vizuri", na alama zenyewe hazimo kwenye huo ukurasa uliochapiwa. Binti yako ana C tano. Sijui ni C za 63 au za 46, na wewe hujui, lakini yeye ana fununu. Muulize akumbuke mitihani ya shule, hasa ya mwaka wa mwisho: baiolojia alikuwa anacheza kwenye ngapi? Kama alikuwa anapata 60 na kitu na NECTA wamempa C, hiyo ni C yenye afya. Kama alikuwa anapata 40 na siku ya mtihani bahati ikamsukuma, nayo ni C, ila ya aina nyingine.

Hapo ndipo CBG inapoingia. Kwa sharti la karatasi anaweza. Kombi inahesabiwa yenyewe: pointi za masomo yale matatu zisizidi 10, na kusiwe na F hata moja ndani yake. Kemia 4, baiolojia 3, jografia 2, jumla 9. Anapita. Akichagua HGL, yaani historia, jografia na Kiingereza, anakuwa na 8. Kwa hiyo tofauti ni pointi moja, na mzazi anayeangalia namba peke yake atasema hakuna tofauti.

Mimi naiona kubwa. Ile pointi moja ni kemia. Kidato cha tano kemia hiyo haimsubiri mtu; wiki za mwanzo tu wanaanza kuhesabu mambo ambayo mwenye D aliyaruka kidato cha tatu akitumaini hayatatoka. Na huko juu vizingiti vimepanda: A inaanza 80, C ni 60 hadi 69, na kile kidato cha nne walichokiita C cha 50 kule ni D. Nimewaona waliokwenda CBG na D ya kemia wakatoka vizuri, wachache, na wote walikuwa na kitu kimoja: waliijua D yao ilitoka wapi. Mmoja aliniambia wazi, "Mwalimu, hesabu za mole sikuwahi kuzielewa, nilikuwa nakariri." Akaanzia hapo, na daftari la kidato cha tatu. Muulize binti yako swali hilohilo, na usimuulize jioni ya wageni. Akikujibu kwa jina la mada, mwache aende CBG. Akikujibu kwamba alikuwa hamwelewi mwalimu tu, basi muongee tena kuhusu HGL au kombi nyingine yenye jografia, maana ile B ndiyo herufi nzuri kuliko zote kwenye mstari wake, na sijaona mtu hata mmoja kwenye barua yako aliyempongeza kwa hiyo.

Fomu ya machaguo alishaijaza shuleni, lakini miaka hii ya karibuni TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wahitimu shule, wamekuwa wakifungua mfumo baada ya matokeo ili wahitimu wabadili kombi au chuo. Sikilizeni tangazo, na binti akiingia kwenye mfumo awe anajua anachotaka, asiende kuulizia steshenari. Mjue pia kwamba kutimiza sharti si kuchaguliwa. Nafasi zina idadi, na wenye pointi ndogo kwenye kombi wanatangulia. Akiwa na 9 kwenye kombi inayokubali mwisho 10, yuko nyuma ya foleni. Aweke na machaguo mengine yenye uzito, vikiwemo vyuo vya kati, asiweke ya kujazia fomu.

Basi wifi.

Wewe umeandika kwa moyo mweupe, lakini yeye amesoma kwa macho ya mtu aliyekwisha kuumia. Ukimwandikia maelezo marefu sasa, kwamba ulidhani kubwa ndiyo nzuri, itasomeka kama unamkumbusha kwamba 31 ni mbaya. Futa habari za kuandika. Hata mume wako asitumwe. Amecheka, na dada yake amemsikia akicheka.

Kabla hujaenda kuna jambo moja unalopaswa kulifahamu, na ubaki nalo mwenyewe kwanza. Pointi 31 zinaweza kutoka kwa njia zaidi ya moja, na mojawapo ni D nne na F tatu. Fanya hesabu: 16 na 15. Na D nne, kama ni za masomo yasiyo ya dini, ndizo vyuo vingi vya kati vinazoomba kwa ngazi ya cheti. Kwa baadhi ya kozi, za afya kwa mfano, wanataja na masomo yenyewe, kwa hiyo inategemea D hizo ziko wapi. Inawezekana pia akawa na C moja na D mbili tu, na hapo njia ni fupi zaidi: VETA, yaani vyuo vya ufundi, au kurisiti masomo machache kama mtahiniwa wa kujitegemea, ile namba inayoanza na P. Sijauona mstari wake, wewe pia hujauona. Mliyoiona kwenye grupu ni namba moja tupu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Shemeji aliyeziweka 21 na 31 pamoja mbele ya ukoo ana sehemu yake katika hili, ingawa naona hakuna aliyemnunia.

Nenda mwenyewe, asubuhi, siku ambayo kijana hayupo au ametumwa dukani. Usiende na binti. Usiende na karatasi. Akikukaribisha kwa ubaridi, kaa hivyohivyo. Habari za 31 usiziguse mpaka azitaje yeye, na za D nne usizitoe mpaka aulize "sasa huyu mtoto nimpeleke wapi," maana siku hiyo atauliza. Wewe mwanzo msimulie ile ya steshenari: F peke yake, wewe kwenye benchi la fotokopi unalia, kijana anasema jinsia, na dada wa picha za paspoti anakufuta machozi kwa sababu mwanao ni wa kike.